Kidoko cha Amou

Amou alirithi kidoko kwa mama yake: ulimi ukibanduliwa kaakaani mara moja, kwa sauti isiyozidi ya punje inayopasuka motoni. Kwao, karibu na mji wa Bor, kila mtoto alijua maana yake. Wezi wa ng'ombe wako karibu, jikaze, usipumue. Mapema mwaka 2012 kidoko hicho kilimlaza Akuol, binti yake wa miaka sita, majanini mchana kutwa, watu wenye bunduki wakipita. Walifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma wakiwa hai. Lakini Akuol akaanza kujichafua kwa choo.

Kanisani watoto wenzake walimwita Fisi. Kwa aibu, Amou akawa anampigia kidoko ili ajizuie. Mtoto alijikaza, na nguo ikachafuka vilevile.

Mwaka uliofuata walipelekwa hospitali moja ya Lodwar. Atiir, mtaalamu wa tiba ya viungo, alimpapasa Akuol tumbo.

"Mama Akuol, huyu hajalegea. Amefunga. Choo kigumu kimejaa ndani, majimaji ndiyo yanapenya."

Akambandika vibandiko viwili vyenye nyaya karibu na njia ya haja, mama akiwa amemshika mkono. Kwenye kioo cha mashine, samaki wa kuchorwa alipanda misuli ilipokaza, akashuka ilipolegea. Hivyo mtoto angeyaona asiyoweza kuyahisi, ajifunze kuyatawala.

"Mshushe akanywe maji, Akuol. Huko juu atakauka kama wale wanaoanikwa ziwani Longech!"

Akuol akacheka. Samaki akashuka kidogo.

"Na akikataa kushuka?" Amou aliuliza.

"Hali ikiendelea hivi, madaktari watampasua mtoto. Haja itatokea tumboni, kwenye mfuko."

Nje kitanda cha magurudumu kikagonga mlango kwa kishindo. Bila kuwaza, Amou akapiga kidoko. Samaki akaruka hadi ukingo wa juu wa kioo, akaganda.

Atiir akamgeukia. "Umefanya nini hapo, mama?"

"Hii ndio ilituokoa, daktari."

"Nakuamini. Sasa ndiyo inayomfunga. Usimpigie tena."

Pengine Amou angeelewa mapema kama mtu angemwambia, pengine asingesikia. Alirudi Kakuma akiuchunga ulimi wake kama mnyama mgeni zizini, na Akuol akaanza kwenda choo.

Kisha, Desemba, vita vikazuka kwao. Wakimbizi wapya walikuja na habari, na habari zikawagawa majirani kwa makabila. Jioni moja ugomvi ulianzia bombani. Vijana wenye mapanga wakaingia uchochoroni, wakiulizana nani anaishi nyumba ipi.

Akuol alisimama katikati ya chumba, macho kwenye mdomo wa mama yake. Alikuwa akingoja kidoko. Ulimi ulikwishapanda wenyewe. Amou akapanua kinywa, akauacha uning'inie kama wa ng'ombe mwenye kiu.

Mabega ya mtoto yakashuka. Uso ukakunjamana. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya majanini, Akuol akalia, kwa sauti kubwa, kama anavyolia mtoto yeyote.

Nje, nyayo za wale vijana zilizokuwa zikipita zikasimama.