Vipele Siku Nane Kabla ya Harusi

Firdausi binti Khatibu alipenda usafi kupita kiasi, na usafi huohuo ndio uliomponza. Baba yake aliuza vitenge Kasulu mjini, ukoo wao wa Ujiji, na mwaka ule wa 2014 Firdausi alikuwa ameposwa na Abbasi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Kibondo. Zilibaki siku nane. Siku mbili kabla ya harusi angekuja somo yake, Bi Siti, mwanamke aliyemfunda, kumsinga kwa manukato na kumkagua mwili mzima, kisha ampelekee mama mkwe habari. Kwa watu wao, neno la somo lilikuwa zito kuliko la shehe.

Basi mwali alikuwa amejinyoa mapema, zikibaki wiki mbili. Siku ya tatu kinena kikajaa vipele. Mtu mwingine angeviacha vipumue, yeye akanyoa tena, kwa wembe uleule, bila hata sabuni, akivuta ngozi na kupandisha wembe juu ili isibaki alama. Vipele vikawa vyeusi na vigumu, viwili vikatunga usaha. Akavichokoa kwa pini ya mtandio. Jamani, pini ya mtandio!

Hofu ikamkaa rohoni. Yeye na Abbasi walishapima damu na majibu yalikuwa safi, lakini nani angeangalia karatasi somo akishaona vipele? Kasulu si mji wa kuficha neno. Wangesema binti Khatibu ana gonjwa, na posa ingerudi Kibondo kwa basi la asubuhi.

Akaaga nyumbani kwamba anakwenda Kabanga hospitali kumwona mgonjwa. Haukuwa uongo mtupu, maana mgonjwa alikuwa yeye. Nyuma ya pazia alimkuta nesi Esteri, mama wa Kiha asiye na haraka.

"Ni gonjwa, mama?" Firdausi aliuliza.

"Ni nywele, mwanangu. Umezikata chini mno, zimejikunja zikaota kurudi ndani ya ngozi. Weka wembe chini mpaka upone. Asubuhi na jioni kanda kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu, na usichokoe. Ukiona uvimbe unakua, au homa, urudi."

"Na baadaye?"

"Ego," nesi aliitikia kwa Kiha, "baadaye punguza kwa mkasi, yatosha. Ukitaka wembe, uwe mpya, wako peke yako, na povu la sabuni, ufuate nywele zinakolalia."

"Lakini mama, naolewa wiki ijayo."

"Huyo bwana anaoa mtu au anaoa ngozi?"

Firdausi hakucheka. Angemwelezaje kwamba anayemwogopa si bwana? Akinyoa, somo ataona vidonda. Asiponyoa, somo ataona nywele, na mwali mwenye nywele ni mwali asiyefundwa.

Alikanda siku sita. Usaha ulikauka, vipele vikalegea, nywele nazo zikaota bila huruma. Asubuhi ya kuja kwa somo alifungua wembe mpya, akaugusisha kwenye ngozi, akakumbuka neno la nesi. Akaurudisha kwenye karatasi yake, akaketi kungoja aibu.

Bi Siti alifunga mlango, akamfungua kanga. Firdausi akayamwaga yote kwa pumzi moja: wembe, pini, Kabanga.

"Nani kakukataza kunyoa?"

"Nesi, somo. Nisamehe."

Bi Siti aliinama, akagusa kipele kimoja kwa ncha ya kidole. Akakitazama kwa makini, Firdausi akimwona mawazoni mama yake akilia mbele za watu.

"Kwa mkweo nitasema mwali wangu ametimia," Bi Siti alisema hatimaye.

Kisha akaenda kuhakikisha komeo limeshika, akarudi kukaa mkekani, sauti ameishusha.

"Mimi vipele kama hivi ninavyo mwaka wa thelathini sasa. Mume wangu hajawahi kuniona taa ikiwaka. Huyo nesi wako, mwanangu, yuko zamu siku gani?"