Dada Siku Kumi

Dada yangu ni muuguzi wa chumba cha chanjo ya wasafiri: meza moja, friji moja, na muhuri ambao huufungia kwenye droo hata akienda msalani. Wenzake humwita Siku Kumi. Kanuni za afya za kimataifa zinasema cheti cha homa ya manjano huanza kukubalika siku kumi baada ya chanjo, na msafiri akileta za kuleta, akitaka tarehe irudishwe nyuma, dada humwambia kwa upole unaoudhi, "Siku ya sindano haihesabiwi, baba. Virusi havijui haraka yako."

Mwenyewe hakuwahi kuchanjwa, maana hakuwahi kusafiri. Kisha mpwa wangu, binti yake wa pekee aliyeolewa nchi jirani, akakaribia kujifungua. Dada akachanjwa mbiombio, akakata tiketi ya basi, akanunua nepi za kutosha mtaa mzima. Mimi mdogo wake, mwenye cheti cha zamani, nikapewa kazi ya kubeba mabegi.

Mpakani, ofisa wa afya alikitazama cheti cha dada, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Mama, leo ni siku ya tisa."

Dada alicheka. Halafu akahesabu mwenyewe, na kicheko kikakatika. Kwa furaha zake alikuwa ameihesabu siku ya sindano. Nakiri nilifurahi kidogo, kwani tangu utotoni sikuwahi kumwona akikosea.

Ofisa aliziona zile nepi, akaingiwa na huruma. "Pita tu, mama. Siku moja si kitu."

Mimi nilishanyanyua mabegi. Dada hakusogea.

"Nimewarudisha wengi wenye shida kubwa kuliko yangu," alisema. "Nikipita leo, wiki ijayo nitamtazama nani usoni pale mezani?"

Akaenda kwenye chumba cha kungojea, akaketi kwenye benchi na kuvua viatu. Nilimkasirikia, na nikamwonea fahari vilevile.

Alasiri simu iliita. Ni mkwe wake: mtoto wa kike, mama na mtoto wote salama. Dada aliomba simu isogezwe kwa mtoto. Kilio kikasikika hadi kwa ofisa, ambaye alijifanya anasoma. Dada naye akalia, huku anacheka.

"Lia, mjukuu wangu," alisema. "Nilitaka mikono yangu ndiyo ikupokee. Bibi yako yuko hapa mpakani, kahesabu vibaya."