Dakika za Ijumaa Kiwandani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Saa za ukutani huko hazikujiendesha. Zote, kuanzia getini hadi chumba cha mashine, zilisogezwa na mpigo mmoja wa umeme kila dakika kutoka kwenye saa kuu. Saa hiyo ilipokufa, Mungu alinijaalia wazo: nikachukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi, nikaitia mfumo wa Linux ili ishike nafasi yake.

Programu ya kawaida haikufaa, kwani kompyuta ikishughulika na jambo jingine mpigo ulichelewa. Nikajifunza kwa miezi kuandika kiendeshi, yaani programu inayokaa ndani ya kiini cha mfumo, isiyongojeshwa na kazi nyingine. Mpigo ukawa unatoka kwenye tundu la printa. Joto liliipotosha saa ya kompyuta kidogo, basi nikaacha namba moja ya kurekebisha urefu wa dakika. Kila asubuhi nililinganisha saa na milio ya redioni. Zilipatana, alhamdulillahi.

Neno la siri la kompyuta hiyo nilimpa mtu mmoja tu, msimamizi wetu. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani Likoni, tukichapwa kwa ufito mmoja.

Ijumaa, kuanzia saa sita na robo, Waislamu tuliruhusiwa muda wa saa moja na nusu kwenda msikitini. Aliyechelewa kurudi mara tatu alinyimwa ruhusa hiyo. Saa za mkononi zilikatazwa penye mashine, kwa hiyo tuliziacha nyumbani. Ghafla watu wakaanza kuchelewa, na kumi na mmoja wakanyimwa Ijumaa. Lawama zikamwangukia khatibu. Nikaongoza wenzangu kwenda kwake.

"Shikamoo, maalim. Hotuba ni ndefu."

"Marahaba. Nimeipunguza mara mbili. Nibakishe salamu tu?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Saa ya kiwandani haisemi uongo, maalim. Nimeiunda mimi."

"Basi nitapunguza tena, mwanangu."

Ijumaa iliyofuata nilizuiwa na mota iliyoungua. Redio ya bawabu ikatoa milio ya saa saba kamili. Nikainua macho: ukutani ilikuwa saa saba na dakika tano. Nilikwenda kwenye kompyuta nikaitazama ile namba. Dakika ilikuwa imekatwa, ina sekunde hamsini na tatu.

Nilimwita msimamizi pale pale; hakukana.

"Ni dakika kumi tu, ndugu yangu. Wakubwa wanataka mzigo utoke. Alasiri narefusha dakika, jioni saa zinakuwa sawa."

"Ukamwacha yule mzee akakata hotuba?"

"Kwani nilimwambia mimi? Wewe ndiye uliyekwenda." Akatabasamu. "Na ukisema, nani ataamini si mkono wako? Hapa nani mwingine anayeijua kompyuta hii?"

Nikaandika amri ya kukiondoa kiendeshi. Saa zote kiwandani zikasimama. Nikaenda getini, na waliokuwa wakirudi kutoka msikitini nikawaeleza kila kitu, pamoja na namba niliyoiacha mimi mwenyewe na neno la siri nililolitoa.

"Tangu lini unajua?" mmoja aliuliza.

"Tangu leo."

Akaitazama ile saa iliyosimama, akapita ndani.

Wale kumi na mmoja walirudishiwa ruhusa yao. Maalim alinisamehe kabla sijamaliza kuomba radhi, na kwa hilo namshukuru Mola hadi leo. Msimamizi naye namwombea dua, kwa kuwa nimeamrishwa. Aliniomba radhi mara moja, barazani, mbele ya watu, nami nikamwambia nimesamehe. Mungu anajua kwamba siku ile nilisema kwa ulimi tu.