Bitana Mbili kwa Kasike Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifumua kiti kizima cha pikipiki kilicholetwa kuzibwa tundu dogo tu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Leo nina ishirini na saba na nimestaafu kazi hiyo, kwa hiyo wadogo zangu mnivumilie nikizungumza kama mzee.

Karakana ilikuwa karibu na njia panda ya Sonatubes, cherehani mbili zikitazamana na kituo cha pikipiki. Mwenyewe tulimwita Patroni, aliyekulia Bujumbura, mtu wa maneno mengi. Alipoona kiti kiko vipande vipande hakunifokea.

"Dada, mteja ameleta mgonjwa, wewe umefanya maiti."

Sikufundishwa kushona na mtu. Nilijifunza kwa kufumua: nakata uzi, naangalia kila kipande kimekaaje, nakichora kwenye daftari, narudishia. Mshono ukinitia shaka nafumua tena, na nakiri kwamba mara nyingi ulikuwa sawa tangu mwanzo. Patroni alijifunza kwa masikio. Alikaa na wamotari, waendesha pikipiki za abiria, akitaniana nao mpaka akajua kiti gani kinamuumiza nani mgongo. Mimi niliona huo ni uvivu.

Kisha zikaja pikipiki za umeme, na viti vyake vilikuwa vipya. Kazi ikapungua. Patroni akaniambia bila kunitazama, "Mwezi ukiisha hivi, cherehani ya pili nitaifunika." Cherehani ya pili ndiyo yangu.

Wiki hiyo motari mmoja alikuja akilalamikia kasike, ile kofia ngumu ya abiria.

"Abiria ananusa kwanza, halafu anapanda ya mwenzangu."

Watu walicheka. Patroni alicheka kuliko wote, lakini alimuuliza kila motari aliyekuwepo kama naye yamemkuta. Yalikuwa yamewakuta wote. Mimi nilikuwa nimeshaifumua ile kasike. Bitana yake, kitambaa cha ndani chenye sponji, ilikuwa imegandishwa kwa gundi, haifuliki. Nikaona inaweza kushonwa nyingine ya vifungo, ya kuvuliwa na kufuliwa.

Moja ilinichukua siku nne. Siku ya tano nilikuwa nafumua ukingo wake tena, Patroni akaninyang'anya.

"Haijaisha, Patroni."

"Wewe pia hujaisha, na unatembea."

Akaifunga kwenye kasike ya yule motari, akamtuma barabarani. Nilishinda nikingoja aibu yangu irudi. Jioni motari alirudi, na hakutaja mshono.

"Iko nzuri. Lakini nimeifua mchana, mvua ikanyesha, haikukauka, abiria ameshuka kichwa maji. Nipeni mbili, moja ivaliwe, moja iwe kwenye kamba."

Hilo halikuwa kwenye daftari langu, na nisingelichora hata kwa mwaka mzima. Patroni naye aliyasikia malalamiko yale bila kuwaza vifungo. Tukaanza kuuza bitana mbili mbili. Mwezi ulipoisha cherehani zote zilikuwa zinalia, na foleni ya wamotari imeziba mlango.

Sasa nimefungua chumba changu cha bitana huko Ndera. Nilipomuaga Patroni nilimshauri atafute mtu mwongeaji kama yeye, asichoshwe tena na mkimya kama mimi.

"Mkimya?" akasema. "Nimekaa naye miaka sita, akifumua hata nilichokwisha kuuza. Niletee mwingine wa hivyo hivyo."