Nguo Zilizokataa Kukauka Mau Narok

Enzi zetu kule Mau Narok, nguo iliyofuliwa Jumamosi ya Julai ungeikuta Jumatatu bado inadondosha maji. Ukungu ulishuka alfajiri juu ya mashamba ya ngano, ukakaa, na ukiinuka kidogo mchana mvua ilishika zamu. Wenzangu mliokulia huko mnajua ninachosema. Jua tulilisikia tu kwa watu waliotoka Nakuru mjini.

Tulikuwa watoto wanne, mimi wa tatu, na kila mmoja wetu alikuwa na yunifomu moja. Mama alifua kwa karai nyuma ya jikoni, kwa maji ya tangi yaliyofanya vidole viume, na kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi. Alianika kwenye fensi, nasi tukakaa macho juu. Tone la kwanza likianguka tulikimbia wote, tukarudi tumekumbatia nguo, tukisukumana mlangoni na kucheka. Hapo zilihamia jikoni, juu ya moto. Darasa letu zima lilinuka moshi wa kuni, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Kaka yangu mkubwa aliwahi kusahau soksi karibu na chungu cha githeri, moja ikaungua. Iliyobaki aliivaa muhula mzima, leo mguu wa kulia, kesho wa kushoto.

Nilikuwa darasa la tano nilipoenda shule na nguo mbichi. Mama alikuwa ameniambia nibaki nyumbani hadi zikauke, lakini Jumatatu hiyo kulikuwa na mtihani na mimi nilipenda kuwa wa kwanza. Alipoenda kukamua ng'ombe nilivaa shati na sweta vikiwa baridi kama samaki, nikatoka mbio. Kufika Alhamisi nilikuwa nakohoa hadi mbavu zinauma. Ijumaa nilishindwa kusimama. Mama alinibeba mgongoni, msichana mzima wa miaka kumi na moja, akapanda nami kilima hadi kwenye kituo cha afya. Nesi alisema ni nimonia.

Nililazwa wiki moja. Sikumbuki mengi, ila namkumbuka Mama ameketi kwenye benchi na gambuti zake za shamba, akiniangalia nikivuta pumzi. Siku moja alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "Mtoto wangu hatavaa nguo mbichi tena."

Na kweli, tangu mwaka huo nguo zetu zilikuwa kavu kila Jumatatu, mvua inyeshe isinyeshe. Sikuuliza kwa nini. Mtoto akipata nguo kavu, huvaa akaenda.

Mwezi uliopita niliingiza mashine ya kukausha nguo kwangu hapa Nakuru. Mvua ilikuwa imetuzidi, na kamba ya nguo ilikuwa imehamia sebuleni. Mama, ambaye tunaishi naye tangu miguu yake ilipochoka, alisogezewa kiti jikoni ili aone. Binti yangu Shiku, wa miaka kumi na tano, alisoma maagizo kwa simu, kwa maana kitabu kilichokuja na mashine alisema ni cha wazee. Tukaweka taulo, mashati, foronya. Nilipobonyeza, ikaandika dakika hamsini.

"Hamsini?" Shiku akasema. "Hiyo ni mob sana, dakika zote hizo!"

Nilitaka kumweleza habari za Jumamosi hadi Jumatatu, lakini alikuwa ameshaweka vitu vyake masikioni.

Mashine ilipolia nilifungua mlango, joto likanipiga usoni. Nilichukua shati moja nikamwekea Mama mapajani. Alilipapasa kola, akapapasa mikono. Kisha akainua sweta yake na kulisokomeza shati ndani, tumboni. Mimi na Shiku tulicheka. Yeye hakucheka.

"Hivi ndivyo nilikuwa nakausha zenu," alisema.

Akatueleza taratibu. Moto wa jikoni haukutosha. Kola na mikono ya shati ilibaki mbichi. Kwa hivyo, mwaka ule nilipougua, alianza kuzifunga nguo zetu kiunoni, ndani ya sweta yake, moja juu ya nyingine. Alikamua nazo. Alipalilia viazi nazo. Jumapili alienda nazo kanisani, na wamama wenzake wakadhani ana mimba. Aliwaacha wadhani. Nikalikumbuka lile koti lake, ambalo hakulivua ibada nzima hata kanisa likijaa watu, nasi watoto tukaona ni maringo.

Nina miaka arobaini na tisa na ndiyo kwanza nilikuwa naambiwa.

"Hukusikia baridi, Mama?"

"Nilisikia," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshakuona ukikosa pumzi."

Shiku alitoa vile vitu masikioni. Alienda akachuchumaa karibu na nyanya yake, akamuuliza ilikuwa miaka mingapi. Mama alisema hadi yule mdogo wetu alipomaliza darasa la nane.

Siku hizi Shiku huchomoa sweta yake ya shule ikiwa moto, akavaa, akatoka. Hasemi asante kwa mtu, na simlaumu, maana mashine haina wa kushukuriwa. Sisi tuliokuwa na wa kumshukuru hatukusema pia. Naona nguo zao ni laini kuliko zetu, hazinuki moshi, na nafurahi kifua cha mwanangu hakijui baridi ile. Bado kuna kitu natamani angekijua, na sijui ningemfundishaje.

Jioni ile ya kwanza ya mashine, Mama alivua sweta yake mwenyewe, akanipa niikaushe nayo pia. Alingoja akiwa amejifunga shuka, anatazama ikizunguka. Ilipotoka nilimvisha, mkono mmoja kisha wa pili, na alipolisikia lile joto alifumba macho. Nilimfunga vifungo kimoja kimoja, polepole, nikitafuta la kumwambia.