Mbuzi wa Mama Mdogo

Nikisimulia hii nitaonekana mjinga, maana ndiyo iliyofanya watu wa Nyarugusu waniite Mbuzi mpaka leo. Haya, cheka kwanza, halafu tuendelee.

Ninachokumbuka ni harufu ya bangi imechanganyika na vumbi la mawe. Baba mdogo Shija alikuwa anavuta mdomoni mwa duara, shimo la dhahabu, kabla hajashuka kuchimba, mchana kweupe, na wenzake wanamsifu kwamba huyo ndiyo dume, anatoa woga. Mwanamke hasogei pale, eti dhahabu itakimbia. Kwa hiyo mkewe, mama mdogo Kabula, alikuwa pembeni kutwa nzima anaponda mawe kwa nyundo, mtoto wao Mhoja mgongoni. Kiuno kikamshinda, akaanza vidonge vikali vya maumivu. Anavifunga kwenye pindo la kanga, anameza kageukia ukutani. Mwanzo ilikuwa kiuno. Baadaye asipomeza mikono inatetemeka mpaka uji unamwagika.

Nikiwa darasa la tatu, wakati wa kiangazi, wote wawili wakaharibika. Baba mdogo akawa anagombana na miti. Mama mdogo akawa anasinzia jikoni, mboga inaungua, Mhoja analia. Ukoo ukaja kwetu kukaa kikao. Wakasema Shija amesumbuliwa na mizimu, achinjiwe mbuzi, halafu aende Didia akapumzike, shangazi atampikia. Mbuzi akachinjwa. Tukiwa tunakula ndiyo wakamgeukia Kabula, na kwake mizimu haikuonekana.

"Huyu ni mlevi tu," bibi akasema. "Arudi kwao Segese. Mtoto anabaki."

Mimi mdomo wangu haujawahi kujua kunyamaza. Nikauliza, "Na mbuzi wa mama mdogo yuko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakapaliwa. "Katoto haka kanawaza nyama tu." Baba akanitupia mfupa. Nami nikautafuna, huku mama mdogo anafungua mbeleko na kumkabidhi bibi Mhoja.

Siku hizi baba mdogo ni mtu wa heshima. Akisimulia enzi zake za bangi, watu wanacheka na kumwongezea chai. Mhoja anamwita bibi "mama". Majuzi nilipita Segese nikamkuta mama mdogo anapanga nyanya, mikono bado inatetemeka. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, Mbuzi," akasema. Nikacheka, nikajua tunataniana. Yeye hakucheka.

"Wewe, ng'wanone, mwanangu, angalau walikutupia mfupa."