Spika Tano za Kumsikia Baba

Mimi si mtu wa filamu, na muziki nausikiliza kwa simu tu nikiwa napika. Kwa hiyo wageni wanaoingia sebuleni kwangu hapa Kagondo, Bukoba, hushangaa wakiona kompyuta yangu imezungukwa na spika tano na sabufa yake. Wengine huniuliza kama nimefungua banda la video. Huwa nacheka na kujibu lolote linalonijia. Ukweli ni kwamba nilizinunua kwa hofu. Baba yangu alikuwa amelazwa Mwanza, sauti yake ilikuwa inaisha, na wakwe walikuwa wamepanga kuja nyumbani kwetu Muleba kunichumbia.

Kwetu binti huombwa kwa mdomo na hutolewa kwa mdomo. Mshenga wa upande wa mwanamume husimama, akaeleza kilichowaleta, na baba wa binti akajibu mbele ya watu. Baba asipokuwepo, hujibu ndugu yake. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa tayari kujibu, tena tayari kupita kiasi. Suti alishaitoa sandukuni na kuianika. Mimi nilipendekeza tuahirishe. Aliyekataa ni baba mwenyewe. Alituma ujumbe wa sauti, maneno yakikatikakatika, akasema watu wakishapanga safari hawarudishwi, na kwamba atajibu yeye kwa simu.

Jumapili moja tukafanya jaribio. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, alimshikia simu karibu na mdomo, nasi kule Muleba tukaizunguka simu yangu mezani. Baba alizungumza na hakuna aliyeambulia kitu. Shangazi, dada yao mkubwa, alilaza sikio juu ya kioo mpaka akakata simu kwa shavu lake. Tulipopiga tena, baba mdogo akajifanya mkalimani. Baba anasema neno, yeye anatoa hotuba.

"Anasema nyumba ipakwe chokaa," akatutangazia, "na wageni wasikawizwe, na upande wa vinywaji niachiwe mimi."

"Amekohoa tu," nikamwambia, kwa ukali ambao mtu hapaswi kumwonyesha baba yake mdogo.

Hakunigombeza. Alinitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, asiposikika nitajibu mimi. Wageni hatuwezi kuwajibu kwa kikohozi."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana ilinichoma. Nilitaka nitolewe kwa sauti ya baba yangu, si kwa sauti ya mtu anayemsemea. Hakuna aliyelitamka nyumbani, lakini nilijua kwamba hilo lingekuwa jambo la mwisho ambalo angenifanyia. Likifanywa na mwingine, basi limepita, halirudiwi.

Labda niseme pia kwamba kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi, kwa kompyuta hiyohiyo. Mteja wa kadi hukuletea kazi miezi kabla, akabadilisha rangi mpaka ukachoka. Wa ratiba huja asubuhi na picha ya mtu anayetabasamu, akitaka kazi jioni. Nimeifanya miaka mingi, na imenifanya niwe mtu wa kuogopa mapema. Wiki zile sikuweza kutazama picha yoyote ya baba akiwa amevaa suti.

Duka nililokwenda liko mjini Bukoba. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa, katika familia zao chache zilizobaki, na Kihaya chake ni kizuri kuliko changu. Alinikaribisha, kisha kabla sijaeleza shida yangu akawasha sabufa kubwa yenye taa za kuzungukazunguka. Vioo vya kabati vikatetemeka.

"Sikia hiyo!" akapaza sauti. "Baa nzima inasimama!"

"Sina baa, mzee wangu. Nataka mtu azungumze, asikike."

Nikamwomba waya, nikaunganisha simu yangu, nikacheza ujumbe wa baba. Haukuwa ule wa wakwe. Ulikuwa wa siku nyingine, alipokuwa akisumbuliwa na migomba: zile ndizi za nyuma ya jiko ziwekewe miti, mikungu imekuwa mizito, zitaanguka. Kwenye ile sabufa kubwa maneno yalipotea yote, lakini lo, sauti yenyewe! Ilikuwa nene, ya mtu aliyeshiba. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimsikia baba akiwa mzima. Nusura niichukue hivyohivyo, maneno yakapotee yanakotaka.

Mzee akatingisha kichwa. Akashusha kutoka rafu ya juu seti ya spika tano ndogo na sabufa isiyo na mbwembwe, akaunganisha, akacheza ujumbe uleule. Sasa kila neno likatoka safi: ndizi, miti, mikungu. Nyuma ya kila neno ikatoka na pumzi, ikivutwa kwa taabu na kurudishwa kwa mluzi mwembamba ambao kwenye simu sikuwahi kuusikia.

"Mzazi wako?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kifua?"

"Mafua tu," nikadanganya, nikageuka kutazama feni za dukani ambazo sikuwa na haja nazo.

Nilichukua zile ndogo. Nilijiambia kwamba mluzi ule ni jambo la kurekebisha nyumbani, kama mtu anavyopunguza chumvi kwenye mchuzi.

Nyumbani nikaanza kuhangaika. Waya zilikuwa na pini za rangi, na nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu ya rangi hizohizo: kijani, nyeusi na ya chungwa. Hilo hata mtoto angeliweza. Nikachomeka, nikawasha, na spika za mbele zikasema. Za nyuma kimya. Nikabadilisha waya, nikazigonga kwa kiganja, nikamlaani mzee wa watu kwamba kaniuzia mzigo mbovu, nikakaribia kulia. Kumbe kompyuta yenyewe ilikuwa bado inaamini kwamba ina spika mbili. Nilipoieleza kwenye mipangilio kwamba ni tano na sabufa, ikanipigia mlio wa majaribio uliozunguka chumba, mbele kushoto, katikati, kulia, kisha nyuma ya mgongo wangu. Nikashtuka na kugeuka, kana kwamba kuna mtu kaingia.

Hata hivyo sauti ya simu, niliyoipitisha kwenye kompyuta kwa waya, ilitoka mbele tu. Ilibidi nitafute mahali pa kuiamuru kompyuta igawe sauti moja kwa spika zote. Nilipopapata, baba akawa kila upande, akizungumzia ndizi. Hapo ndipo nilipoanza ile kazi ya ujinga. Nikipandisha sabufa, sauti inapata mwili lakini pumzi inavuma kama upepo ndani ya pipa. Nikiishusha, pumzi inapungua na baba anarudi kuwa mgonjwa wa kunong'ona. Nilizungusha vile vitufe siku baada ya siku, nikitafuta mahali ambapo baba anasikika na ugonjwa hausikiki. Sikupapata, lakini nilijidanganya kwamba nimepakaribia.

Tulisafirisha vyombo kwenda Muleba kwa pikapu ya jirani, kompyuta nikiwa nimeipakata, imefungwa kwenye blanketi. Sebule ya nyumbani ilikuwa imetandikwa majani mabichi kwa ajili ya wageni, na hilo lilinifaa, kwa sababu waya zilipita chini yake bila mtu kuzikwaa. Ugomvi ulizuka juu ya mahali pa kuweka spika. Wenyeji tunakaa upande wa ndani, wageni upande wa mlangoni. Nilipoweka spika mbili nyuma ya viti vya wageni, baba mdogo akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Yaani kaka atazungumza kutoka upande wa wakwe? Amekwenda kuposa na yeye?"

Nikazihamishia pembeni. Kisha ile ndogo ya katikati, ambayo hasa ndiyo hubeba maneno, nikaiweka juu ya kiti cha baba. Kiti hicho hakuna mtu anayekikalia.

"Ondoa," akasema. Safari hii hakuwa na utani. "Kaka yangu si redio."

Nikaiweka kwenye kigoda kando ya kiti. Ubishi wake ulinichosha, lakini ndani yangu nilimuelewa. Nikakagua jenereta tuliyokodi, tukaificha mbali kwenye migomba isitupigie kelele, nikakagua bando, nikakagua tena bando. Bwana harusi mtarajiwa alinitumia ujumbe akiuliza kama nina furaha. Nikamjibu aombe mtandao usitetereke.

Wageni walifika, wakakaribishwa, wakapewa kahawa ya kutafuna. Nikapiga simu. Mama akapokea, na baba akawasalimu.

Sauti ilijaa nyumba. Nilimwona mshenga akiinua kichwa kutafuta ilikotoka. Shangazi, ambaye hajawahi kumsalimu mwanamume wa heshima akiwa amesimama, akapiga magoti kwenye majani, akageuka huku, akageuka kule.

"Waitu, jamani, nimwelekee wapi? Mbona yuko kila mahali?"

Watu wakacheka. "Elekea kiti," baba mdogo akamwambia, naye akakielekea kile kiti kitupu na kumwamkia kaka yake kwa Kihaya, taratibu zote. Baba akaitikia. Kwa muda mfupi niliona imewezekana.

Kisha akanyamaza, mshenga akaanza kusema, na hapo tukasikia vyote alivyokuwa navyo kule. Tulisikia mashine ya hewa ikivuma, chuma cha kitanda kikilia, pumzi ikipanda na kukwama na kushuka. Nilikuwa nimekaa kando ya kompyuta, mkono kwenye kitufe cha sauti. Nikikipunguza hatasikika akijibu. Nikikiacha, wageni wanasikia kila kitu. Na kabla sijaamua, mama akanong'ona, bila kujua kwamba mnong'ono wake unatoka kwenye kona zote za sebule yake mwenyewe:

"Pumzika kidogo. Wasisikie unavyohema."

Hakuna aliyeinua macho. Mshenga alikatiza sentensi yake, akaendelea kwa sauti ya chini kuliko aliyoanza nayo. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe mama naye alikuwa anazungusha vitufe vyake kule Mwanza.

Mshenga hakurefusha. Aliruka mzaha wote ambao huzungushwa siku kama zile, akafika kwenye lenyewe. "Mzee wetu, tumekuja kuomba. Tunasubiri neno lako."

Kimya. Mwanzoni nilidhani anajikusanya. Kisha nikagundua kwamba hata ile mashine haisikiki. Kitanda hakisikiki. Pumzi haipo. Spika zote tano zilikuwa zimenyamaza kwa pamoja, na taa zake zinawaka. Umeme upo. Kwenye kioo dakika za simu zilikuwa bado zinahesabika, kwa hiyo simu haikuwa imekatika. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Hamna kitu. Shangazi akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Wazo lililonijia silipendi mpaka leo: kwamba nimenunua spika tano ili ukoo mzima na wageni wetu wamsikie baba yangu akikata roho.

Mshenga alikuwa mstaarabu. Aliacha muda upite, akakohoa kidogo. "Labda ni mtandao," akasema. "Lakini kama mzee wetu hapa angependa kutujibu kwa niaba ya kaka yake, sisi hatuna neno."

Macho yote yakamgeukia baba mdogo. Suti yake ilikuwa imenyooka. Maneno alikuwa nayo. Nilimsikia asubuhi akiyafanyia mazoezi nyuma ya jiko. Akashika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka. Nikafumba macho, na nakiri, wakati ule nilikuwa radhi ajibu. Ajibu tu, watu waende, nimpigie mama.

"Mwenye mtoto hajajibu," nikamsikia akisema. "Tunangoja."

Tukangoja. Hakuna aliyetafuna, hakuna aliyesogeza mguu kwenye majani. Mimi nilikuwa natazama zile dakika kwenye kioo zikiongezeka, nikiwa sijui zinahesabu nini.

Kwanza ulirudi mvumo wa mashine. Kisha pumzi. Kisha sauti ya baba, dhaifu, yenye manung'uniko, ikitoka kila upande wa nyumba aliyoijenga.

"Mbona mmenyamaza? Nimewaita na kuwaita. Nikadhani mmemaliza bila mimi."

Baba mdogo aliinamia ile spika ndogo kwenye kigoda, karibu kabisa, kama mtu anavyomwinamia mgonjwa kitandani.

"Tumalizeje bila wewe, kaka?" akasema. "Tunakungoja."

Baba akavuta pumzi, nyumba nzima ikaisikia ikiingia, akaanza kujibu.